Mayai Saba, Mwokaji Mmoja

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa. Kliniki ya uzazi saa moja asubuhi. Mke wangu ametolewa mayai saba. Mimi nikapewa kikopo na chumba chenye feni mbovu. Nimetimiza wajibu. Zaidi ya hapo sisemi, hata humu daftarini.

Kikopo kile kimenitesa miezi mitatu. Daktari alisema mbegu za kiume huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa na kukomaa, na hazipendi joto. Mimi ni mwokaji mikate! Nikafukuzwa kwenye tanuri langu mwenyewe, akawekwa shemeji, kaka wa mke wangu. Wateja wanasema mkate wake ni laini kuliko wangu. Nimeyameza.

Kwenye chumba cha kusubiri, mwalimu mmoja wa hesabu aliyeketi kando yangu akaniuliza mayai yetu mangapi. Yao kumi na mawili. Nikasema yetu kumi na matatu. Mke wangu, ndiyo kwanza anatolewa chumba cha upasuaji, macho nusu yamefumba, akanisahihisha mbele ya watu wote.

Alhamisi, 6 Machi

Mtaalamu wa maabara, ninayemwita Mama Darubini, amepiga simu. Mawili hayakukomaa, moja limegoma, manne yamerutubishwa. Anasema ndani ya kila moja vinaonekana viini viwili, kimoja cha mama, kimoja cha baba, kila kimoja na kromosomu zake ishirini na tatu. Nusu kwa nusu. Nikaenda dukani kumweleza shemeji kwamba nusu ya mtoto huyu ni kazi yangu. Akaomba isiwe ile nusu ya kuoka.

Mke wangu hakucheka nilipomsimulia. Ameshinda dirishani, simu mapajani. Hii ni mara yetu ya pili. Ile ya kwanza hatukufika hata siku ya tatu.

Siwezi kukaa tu. Lazima nifanye jambo.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: kumfanya Mama Darubini awatazame wetu kwa jicho la pekee. Nikachukua mikate sita ya moto. Nikavaa suti. Nikajipulizia manukato ya harusi yetu, kuanzia shingoni hadi kwenye soksi. Mfagizi alipofungua mlango wa maabara, nikapita nyuma yake.

Nilipiga hatua tatu. Mama Darubini akanishika mkono wa koti na kunitoa kama mwizi wa kuku. Korido nzima ilitazama. Akaniambia viinitete, yaani hayo mayai yaliyorutubishwa, havivumilii manukato, na kwamba hewa ya mle ndani huchujwa kwa sababu ya watu kama mimi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama nimewadhuru. Akasema hapana, vimefungiwa kwenye kabati la joto, salama, na asubuhi vingi vilikuwa na seli nne. Nikamwomba arudie.

Mikate nilimwachia mlinzi. Akaisifu sana. Ilikuwa ya shemeji.

Nyumbani nilikiri kila kitu. Mke wangu akalitundika koti langu nje, kwenye upepo.

"Niahidi hutatia mkono tena," akasema. "Sisi yetu tumemaliza. Iliyobaki ni kazi yao wenyewe."

Nikaahidi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya tatu, na tumefika! Viwili vina seli nane nane, kimoja sita, kimoja kimesimama palepale. Mke wangu amemaliza sahani nzima.

Nilikwenda kliniki kuchukua dawa zake na kwa bahati tu, baada ya kuzunguka korido mara nne, nikamkuta yule mwalimu wa hesabu. Majigambo nilikuwa nayo tayari tangu njiani. Kabla sijafungua mdomo akaniambia kwamba katika yale kumi na mawili kimebaki kimoja. Faili ameishika juu chini. Nikamwambia kimoja kinatosha. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ni mwokaji, hakika ya mambo haya sina. Tukakaa pale tukinywa maji. Mtu mzuri kumbe. Seli zetu nane sikumtajia, ila mara moja.

Jumatatu, 10 Machi

Kimoja kimefika siku ya tano. Mama Darubini alituonyesha kwenye skrini: kimpira chenye maji ndani, fungu la seli upande mmoja, huyo ndiye atakayekuwa mtoto, na ukuta wa seli utakaokuwa kondo la nyuma. Ni kidogo kuliko punje ya chumvi. Mke wangu alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kikawekwa tumboni kwa mrija mwembamba, dakika chache, basi. Mlangoni tukapishana na mwalimu na mkewe. Chao pia kimefika. Tulipeana mikono mpaka nesi akatutenganisha.

Daktari akasema wiki mbili ndipo tupime. Tusipime mapema, tusitangaze, tusifanye lolote. Alisema kama anatuambia sote, lakini alinitazama mimi. Nikamhakikishia kwamba nimejifunza, nimekuwa mtu mwingine.

Nikamfikisha mke wangu nyumbani, nikamwekea mto mgongoni, nikaaga kwamba naenda kununua sabuni. Nikaenda moja kwa moja kwenye shule ya chekechea iliyo nyuma ya posta; nafasi pale husubiriwa miaka. Mwalimu mkuu akatoa fomu na kuuliza jina la mtoto. Nikasema tutalileta. Akauliza ana umri gani.

"Siku tano," nikamjibu. "Lakini amechangamka."