Ombi la Kurudishwa Ndani ya Nyumba Yangu Yenye Hewa Safi

Abdulrahim Chirau,
Karani Mstaafu wa Shule,
Barazani (si ndani),
Munje, Msambweni.

Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwa Bi Rispah,
Msimamizi wa Mpango wa Nyumba ya Kijani,
Msambweni.

Mwanangu mheshimiwa,

MINTARAFU: KUTOLEWA NJE KWANGU KWA SABABU YA KUPUMUA

Assalaam aleikum. Ikiwa salamu hiyo kwenu haitumiki, basi pokea hujambo ya heshima, na wazee wako huko bara uwafikishie shikamoo za mtu asiyewajua. Sikuandikii kuhusu afya yangu. Nakuandikia kuhusu afya ya nyumba yangu, ambayo imekuwa njema mno hata mwenyewe siruhusiwi kuingia.

Utakumbuka kwamba mwezi uliopita ulikuja hapa Munje na boksi la vidude vyeupe, ukavigawa katika nyumba kumi na mbili. Changu ulikitundika wewe mwenyewe ukutani sebuleni, juu ya redio. Ukatueleza kwamba kidude hicho kinanusa. Taa ya kijani, hewa ni safi. Ya manjano, tahadharini. Nyekundu, tafuteni kinachochafua mkitoe nje. Nyumba itakayokaa kijani siku nyingi zaidi katika siku arubaini, itapewa tangi la maji la lita elfu mbili. Mke wangu, Bi Maimuna, alikuwa amekaa mkekani. Uliposema tangi, aliinuka akakuletea gilasi ya pili ya maji hali ya kwanza hujaimaliza. Hapo ndipo iliponipasa kushtuka.

Sikushtuka. Jiko la kuni likahamishwa uani, nikasema sawa. Koroboi ikatupwa, sawa. Dawa ya mbu ya kuchoma ikapigwa marufuku, nikajikuna, nikasema sawa. Ikaletwa mimea thelathini na mmoja, ikapandwa katika kila chombo kilichokuwa na tumbo, pamoja na birika niliyopewa na walimu siku ya kustaafu kwangu. Taa ikawa kijani. Tukapongezana. Kisha mimi nikarudi kutoka dukani na sukari robo, nikavua viatu, nikapiga hodi kama mtu mwenye adabu zake, nikaingia.

Taa ikawa nyekundu.

Mke wangu akanitoa. Kijani. Akaniingiza. Nyekundu. Wallahi alinitoa na kuniingiza mara tano mbele ya majirani, kama mtu anayejaribu ufunguo, na baada ya mara ya tano akaniletea mto wangu hapa barazani. Leo ni siku ya kumi na tisa. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, nayaweka mbele yako malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu sababu. Ulipopigiwa simu ulisema, kwa Kiswahili chenu cha haraka, kwamba lazima mzee kuna kitu anajipaka. Sikatai. Najipaka mafuta ya mkaratusi magotini, asubuhi, adhuhuri na jioni. Lakini mwanangu, mafuta hayo ni dawa! Dawa itachafuaje hewa? Hata hivyo niliyaacha siku mbili ili kumridhisha mke wangu. Siku ya kwanza nilirukuu nikashindwa kuinuka, imamu akamaliza, watu wakatoka, mimi bado naitazama mikeka ya msikiti. Siku ya pili nilibebwa. Basi nimewekwa kati ya magoti yangu na kitanda changu, na sioni ni sheria gani inayomlazimisha Mwislamu achague kati ya viungo vyake.

2. Kuhusu mshubiri. Ulimwambia mke wangu kwamba mshubiri husafisha hewa ya chumbani wakati watu wamelala. Sijui kama ulifikiri kabla ya kusema. Mshubiri huo sasa umelala upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani, ndani ya chandarua. Umefunikwa kikoi changu cha Idi usipigwe na baridi. Baridi gani Msambweni? Mimi niliyeoa, niliyetoa mahari, niliyekiunganisha kitanda hicho kwa misumari yangu, nalala nje naliwa na mbu, na ule mmea ambao mbu hawautaki hata kwa bure umetiwa ndani ya neti. Nilipolalamika, Bi Maimuna alinijibu kwa upole kwamba mshubiri haukoromi. Ni kweli. Lakini wala hauulizi mwenzake ameamkaje.

3. (Hili nimelifuta kwa sababu mke wangu alipita akachungulia.)

4. Kuhusu mbuzi. Siku ya Jumamosi mbuzi wa jirani yangu Kavumbi alikata kamba akaingia sebuleni. Ni beberu. Bila shaka kwenu pia mabeberu wapo, kwa hiyo sina haja ya kukueleza harufu yake. Nikiwa barazani nikasema moyoni, leo haki itaonekana. Nikanyoosha shingo kutazama taa. Kijani! Beberu akala mchicha uliokuwa katika kopo, akasimama chini ya kidude chako, akajikojolea miguuni kama ilivyo desturi yake, akatoka kwa hiari yake mwenyewe. Kijani tupu, hata manjano haikupepesa. Kavumbi sasa anawatangazia watu kwamba mbuzi wake ana cheti cha serikali. Mimi nauliza swali moja tu, tena la kikarani: kama beberu ni safi na Abdulrahim ni uchafu, basi daftari lenu la usafi linaandikwa na nani?

5. Kuhusu mimea yenyewe. Katika mafunzo yako ulitufundisha kwamba binadamu akitoa pumzi, mimea huila pumzi hiyo. Nilinakili, ninalo hapa kwenye daftari. Sasa nifanyie hesabu. Ndani mna mimea thelathini na mmoja na mwanamke mmoja mwembamba, tena mwenye kupumua kwa adabu tangu alipojua anahesabiwa. Itashiba? Mrihani wa dirishani umeanza kuinama. Mchaichai unageuza majani upande wa barazani, nilipo mimi, na ninaapa haugeukii jua kwa maana jua liko kule kwingine. Nyumba ya kijani imemfukuza mpishi wake. Ninapendekeza niandikishwe rasmi kama chakula cha mimea, niingizwe ndani saa mbili kila siku, nipumue, nitoke.

6. Ikiwa la tano halikubaliki, basi nina njia nyingine, na nimeitafakari kwa siku kadhaa maana hapa nina nafasi ya kutafakari. Naomba niandikishwe kuwa mmea wa thelathini na mbili. Tusibishane kabla hujasikia hoja. Nakaa mahali pamoja kutwa. Nageukia kivuli. Namwagiwa maji asubuhi, kwa sababu Bi Maimuna akimwagilia mimea ya dirishani hunipata na mimi. Nimeanza kuota kitu kwenye kisigino. Watoto wa madrasa wakipita wananigusa kuona kama ni mzima. Sikosi sifa hata moja, ila kopo. Nikipewa kopo la kunitosha, na nikawekwa chumbani upande wa ukutani, mshubiri ukahamishiwa sebuleni kwa heshima zake zote, nitaahidi kukaa wima na kutojitikisa. Mmea haupimwi, hukuwahi kusema kwamba mmea unaweza kuchafua hewa. Kwa hiyo taa ikiwa nyekundu nikiwa mmea, kosa litakuwa la taa.

7. Kuhusu mazungumzo. Siku hizi mimi na mke wangu tunazungumza dirishani, naye yu ndani, mimi nje, na huko nje nageuza uso upande wa barabara nisije nikapumua ndani kwa bahati mbaya. Wapita njia wanadhani nazungumza nao. Juzi nilimuuliza Bi Maimuna kama amenifichia miwani yangu, jirani yetu Bi Kanze, ambaye naye ana kidude chako, alikuwa akipita na kuni zake, akanijibu hapana, kwa hasira, na mpaka leo hanisalimu.

8. Hili la nane nilikuwa sitaki kuliandika, lakini barua ya malalamiko isiyosema ukweli ni karatasi iliyopotezwa. Nina hamu na mke wangu. Tumeoana miaka thelathini na minane. Nimewahi kukaa mbali naye, nilipopelekwa Jego kufungua ofisi ya shule mpya kule, miezi mitatu, na sikuumia kama hivi, kwa sababu kule nilikuwa mbali kwelikweli. Sasa niko hatua tisa kutoka kitandani kwangu. Namsikia akikohoa. Namsikia akitafuta kiberiti, na najua kilipo, kiko nyuma ya sahani ya bluu, na nikimwambia kwa sauti, mtaa mzima unajua kiberiti chetu kilipo. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Mwanangu, mimi yangu sasa siijui. Naogopa kwamba siku arubaini zikitimia atakuwa ameshazoea hewa safi.

Sisemi kwamba Bi Maimuna ni mbaya, na ukilisema wewe tutakosana. Kila siku anateka madumu manne kutoka pampu ya shuleni, kwenda na kurudi, na bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Sijawahi kumsaidia dumu hata moja. Kwetu mwanamume kuonekana na dumu la maji si jambo lililozoeleka, nami nimekuwa mtu wa kufuata yaliyozoeleka. Hilo tangi analitaka kwa haki. Silipingi tangi. Napinga bei yake, ambayo ni mimi.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, uje Jumatatu na kidude kingine kisichokuwa na chuki, unipime upya nikiwa pamoja na beberu wa Kavumbi, ili tulinganishwe kwa haki. Pili, ikithibitika kwamba mimi ni uchafu kweli, nipewe barua yenye muhuri inayoeleza ni uchafu wa aina gani na unatupwa wapi, maana hapa barazani si jaa. Tatu, umwambie mke wangu, kwa kuwa wewe anakusikiliza, kwamba wataalamu wamegundua nyumba haiwezi kuwa na afya ikiwa mwenyewe yuko nje. Si lazima wawe wamegundua. Mwambie tu.

Wasalimu wote wa ofisini kwenu, mlinzi wa langoni asiniandike tena jina kimakosa, yule binti wa mapokezi, na dereva aliyekuleta hapa akala mabungo yetu. Wazee wa Munje wanakusalimu. Kavumbi anakusalimu, na beberu wake, ambaye siku hizi hasalimiwi hivi hivi. Mke wangu naye angekusalimu, lakini hajui kwamba nakuandikia.

Nimekoma hapa, mimi ambaye sikuchafua kwa makusudi,

Abdulrahim Chirau.

Tanbihi:

Mwanangu Rispah, barua hii usiifanyie kazi. Nilikwenda msikitini alasiri nikaiacha juu ya mkeka, na niliporudi nikaikuta imewekewa jiwe isipeperuke. Jiwe sikuliweka mimi.

Nimekaa, nimeanza kuikunja niitie kwenye bahasha, na hapa ninapoandika mshubiri uko barazani pembeni yangu, na kikoi changu kimekunjwa juu ya mto. Madirisha yote yamefungwa. Na kutoka chumbani unatoka moshi wa udi, mwingi, unapita chini ya mlango mpaka huku nje. Kwa kuwa wewe ni mtu wa bara huenda hujui, basi nikuarifu: udi haufukizwi chumbani kwa ajili ya mimea.

Taa naiona kupitia upenyo wa mlango. Ni nyekundu kama pilipili, na mimi bado sijaingia.

Kwa hiyo Jumatatu usije. Siku zetu za kijani zimeharibika, tena kwa mikono yake mwenyewe. Tangi mpe Bi Kanze, nyumba yake ndiyo ya pili.

Maji nitateka mimi.