Alama Nyekundu ya Delmer

Jumatatu, 7 Julai. Asubuhi ya joto, hakuna wingu.
Wanabustani wa mtaa watapita Jumamosi kuchagua uwanja bora wa mwezi. Mume wangu Delmer aliutamani ubao wao wa ushindi miaka kumi na tisa. Vuli iliyopita alipanda mbegu za nyasi upya, mbele na nyuma ya nyumba. Januari nikamzika. Safari hii ubao ni wake!
Kikwazo: jirani Hobart. Nyasi zake za bermuda, zile zinazopenda joto, ni fupi, inchi moja, kama zulia. Zetu inchi nne. Kama mtu aliyesahau kunyoa.

Jumanne, 8 Julai. Joto zaidi.
Delmer alipaka alama nyekundu kwenye mashine ya kukatia nyasi, penye inchi tatu na nusu. Alisema kushusha kisu chini ya hapo kiangazi ni kuziua nyasi zetu. Lakini Delmer hakushinda kamwe. Nimeshusha hadi inchi moja, nikakata mbele yote. Sitakata tena mpaka Agosti!
Hobart alikuja mbio, akapiga kelele kwamba shemeji wee, hizo si bermuda, hizo ni nyasi za baridi! Nikamwambia anaogopa kushindwa. Akauliza kama Delmer angekubali. Nikaingia ndani.

Alhamisi, 10 Julai. Jua kali.
Manjano. Nimemwagilia mara tano. Binti yangu Janelle amesema kwenye simu kwamba nimezinyoa hadi ngozi, si ningemuuliza tu Hobart? Nimuulize Hobart!

Ijumaa, 11 Julai. Upepo.
Kahawia. Nimepulizia rangi ya kijani. Imeshika uwanja, ngazi, na mbwa wa Hobart.

Jumamosi, 12 Julai. Mawingu, hakuna mvua.
Mwamuzi mmoja aliinama, akagusa, akafuta vidole kwa leso. Ubao kwa Hobart. Jioni akaniletea, akasema ni wa Delmer, walibeba mbegu zile pamoja. Nikaurudisha. Akang'oa shina moja la nyasi za mbele, akatikisa kichwa. Akaniomba za nyuma nisiziguse, bado hai.

Jumapili, 13 Julai. Ubaridi kidogo.
Nimekaa uwanja wa nyuma, kwenye kiti cha Delmer, miguu peku. Inchi nne, kijani. Kazi ya mwisho ya mikono yake. Nimelia.
Kisha nikaona kosa langu: nilikata siku ya joto. Kesho alfajiri, za nyuma, inchi moja. Agosti nitang'oa uzio waamuzi waone. Nimekwangua ile alama nyekundu, isinichanganye.
Nalala sasa, saa moja na nusu jioni, jua halijazama, niwahi alfajiri.