Trela la Damu ya Mzee

Trela dogo la kulala lilikuwa limekaa peke yake pale kwenye kambi ya mkutano wa waendesha pikipiki, safi, rangi ya damu ya mzee. Rusty Plunkett alipoliona akasimamisha pikipiki na kumshukuru Mungu, yeye ambaye kanisani huenda kuangalia sanduku la sadaka tu. Pikipiki yake nayo ilikuwa damu ya mzee.

Wastaafu waendesha pikipiki huko Iowa, Marekani, wana ugonjwa mmoja: trela lazima lifanane rangi na pikipiki inayolivuta, hata kama kulipaka kutawakosesha meno ya bandia. Pikipiki yako ikifanana nalo rangi, basi wewe ndiye mwenyewe, nani akuulize? Asubuhi hiyo wengi walikuwa ukumbini wakishindilia chapati za maji. Rusty akalifunga trela nyuma ya pikipiki yake bila haraka. Mzee mmoja mpita njia akamsaidia hata kuchomeka waya wa taa, mjinga yule.

Kabla hajaondoka wakatokea mke na mume, wazee, kwa miguu, mume kashika kitambaa kilicholowa. Wakalikodolea trela macho.

Rusty akawapima. Kwa miguu, kwenye mkutano wa pikipiki! Washamba hawa. Ya nini kuhangaika kutafuta mteja mjini?

"Umelipenda, mzee wangu?"

"Mno," akasema mume, Delbert. "Kwani unaliuza?"

"Kwa vile ni wewe. Mgongo wangu umekataa kuvuta."

"Ndani kuna kitanda?" akauliza mkewe, Marlys.

Rusty akainua kifuniko, akachungulia upesi. "Kipo, mama, na blanketi la viraka. Alinishonea marehemu shangazi yangu."

"Maskini! Alikuwa na mkono mzuri."

"Mkono wa malaika. Ila sura, Mungu amsamehe!"

Marlys akakohoa.

"Trela silinunui bila kulivuta," akasema Delbert. "Haya madudu hukusukuma kwenye kona. Nipe ufunguo nizunguke kidogo."

Rusty akasita. Pikipiki ile ndiyo ilikuwa nyumba yake, shamba lake na njia yake ya kutoroka; na, aibu iliyoje, ndicho kitu pekee alichowahi kukinunua kihalali.

"Nakuachia mke wangu," Delbert akasema.

Tamaa ikamaliza ubishi. Rusty akatoa ufunguo. Delbert akapanda, akakata kona ya kwanza na trela likamfuata kwa adabu, akatokomea.

"Mumeo anajua kuvuta," Rusty akasema, akinyoosha shingo kuchungulia kona.

"Mwaka wa tisa huu, trela hilohilo." Marlys akatoa kofia ngumu ya pikipiki kikapuni mwake, akaivaa. "Pikipiki yetu iko pale bombani, tulikuwa tunaiosha. Na blanketi nililishona mimi. Sura hii hapa, shangazi yako nimefufuka."

"Na pikipiki yangu?"

"Kashtaki."

Akaenda zake. Rusty akapiga yowe kabla hajafikiri: "Wameniibia pikipiki!"

Lo! Ukumbi mzima ukamwagika nje, vizibao vya ngozi na vitambi. Kwa watu hawa, mwenzao kubaki bila pikipiki ni msiba kamili. Mmoja akamwuliza jina, naye akalitaja kwa mazoea; mwingine akamletea chapati, mwingine kahawa, wawili wakamketisha kitini na kumshika mabega kumfariji, na wana mikono mizito wale wazee.

"Jamani, yamekwisha, nimesamehe," Rusty akasema akijaribu kuinuka. "Naondoka tu."

"Hapana, kijana, keti," wakamwambia kwa huruma, wakamkandamiza kitini. "Sherifu, mkuu wa polisi, tumeshampigia, yuko njiani. Anasema jina lako analijua vizuri, na tusikuache hata dakika moja."