Naomba Mwanangu Ashushwe Cheo

Élisabethville, Oktoba 1961

Bwana Mkurugenzi wa Ghala,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni Stanislas Ngosa, tarishi wako, yule anayebeba mafaili. Nakuomba umshushe cheo mwanangu Faustin.

Tangu Wabelgiji wengi waondoke, na watu wa asili ya Kasai wakimbilie kambini kwenye mahema kwa kuogopa kuuawa, viti vimebaki vitupu na kila aliyebaki mjini amepanda cheo. Faustin, aliyekuwa akifagia ofisi juzi juzi tu, leo ni mkubwa wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nabisha hodi kwa mtoto niliyemfundisha kuvaa suruali. Jana aliniambia nirudi baadaye.

2. Firigisi ya kuku ni haki ya baba tangu enzi za babu zetu. Sasa Hortense, mke wangu, anampa yeye. Nilipouliza, akanijibu: «Baba Faustin, patron ndiye anakula firigisi. Weye uko planton, tarishi tu.» Nikala shingo, na jambo hilo liliniuma sana.

3. Uchumi, Bwana. Wapagazi wote wamekuwa makarani. Unga umejaa ghalani, barua za kuusafirisha zimeandikwa vizuri kabisa, lakini mabehewa yamesimama kwa kuwa hakuna wa kubeba gunia. Nchi ya wakubwa watupu itakula mihuri?

4. Hili ndilo zito. Mke wa Faustin ni mjamzito. Mimi nilipanda kutoka mgodi wa Kipushi hadi utarishi, mwanangu akapanda kutoka ufagio hadi kiti. Huyo mjukuu atapanda wapi, ikiwa baba yake amefika juu kabla ya kuota ndevu? Atashuka tu, maskini, na hata hajazaliwa.

Dawa ni moja: mrudishe Symphorien kutoka kambini. Kiti anachokalia Faustin ni chake. Ndiye aliyemfundisha Faustin kupiga taipu, na kila Jumapili tulikula naye sahani moja. Hakumkosea mtu, kosa lake ni kwamba babu yake alitoka Kasai. Namkumbuka sana, Bwana, na sioni haya kusema hivyo.

Nisalimie Madame, watoto, na mpishi wako Constantin.

Mtumishi wako mtiifu,
Stanislas Ngosa

N.B. Nikiwa nafunga bahasha nimepata habari kwamba umempeleka Faustin ofisi kubwa, na Jumatatu nakalia kiti hicho mimi. Mungu akuzidishie. Basi usihangaike na hayo ya juu, zilikuwa hasira za jana. Symphorien akija kuuliza kazi, mwambie kwa upole kwamba tumejaa.