Midomo ya Bluu Darajani

Jumatatu, 2 Oktoba

Mkutano asubuhi. Dokta Uwimbabazi, mkuu wetu wa wilaya, ameteremka mwenyewe hadi kituo chetu cha afya hapa darajani, mpaka wa Rwanda na Congo. Amesema Ijumaa atamteua mratibu wa afya mpakani. Kiti kimoja. Tuko wawili: mimi Muhire, niliyesimama hapa na bastola yangu ya kupimia joto tangu bomba la kunawia halijawekwa, na Clarisse, muuguzi aliyekuja juzijuzi na bado ananukia chuo.

Dokta ametukumbusha zile sheria ambazo nchi zote zimekubaliana. Ukiona jambo la ugonjwa lisilo la kawaida, usilifiche, usilikalie. Toa taarifa haraka, ipande mpaka Kigali, na Kigali iwaambie wengine. Halafu akaongeza kitu kuhusu kutowasumbua wasafiri na biashara kupita kiasi. Hapo nilikuwa natafuta kalamu yangu chini ya meza.

Akasema wenzetu wa Ruhwa, kule mpaka wa Burundi, wametoa taarifa mwezi huu na wamesifiwa. Sisi kimya. Aliposema kimya alinitazama mimi! Siyo Clarisse. Mimi.

Nimemwambia mke wangu kiti ni changu. Ameuliza kama kuna wagonjwa. Nimesema hilo ni jambo dogo, litapatikana.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimegundua kwa nini hatuna taarifa. Ni benchi!

Akina mama wa nyanya wanateremka kutoka soko la Kamembe, beseni kichwani, jua usoni, wavuke kwenda kuuza Bukavu. Wakifika paji la uso linachoma. Clarisse akaweka benchi chini ya paa, ati wakae kidogo wapoe, ndipo wapimwe. Wanakaa, wanapiga soga, wanapoa. Kila mmoja mzima! Taarifa zetu zote zinapotelea kwenye kile kivuli.

Nimewahi kazini. Nimelichukua benchi nikalipeleka nyumbani. Clarisse alipouliza nikasema limekwenda kupakwa rangi. Akasema hakuna aliyeomba lipakwe rangi. Nikasema usafi hauombwi.

Nikaanza kupima. Wa kwanza, joto. Wa pili, joto. Bastola inalia tu! Nimepiga namba ya dharura kwa sauti ya mtu mwenye cheo. Nimewaingiza wote kwenye hema la kutengea wagonjwa, pamoja na beseni zao. Maman Feza, wa Bukavu, ndiye mkubwa wao, na mdomo wake unajulikana kingo zote mbili za mto. Akaniambia mbele za watu kwamba iko na joto juu ya jua, bantu bote biko na joto, na weye Papa Muhire ulibebaka beseni siku gani? Nimemweleza kwa upole kwamba wenye homa kali husingizia jua hivyohivyo.

Siku nzuri. Nimelala mratibu.

Jumatano, 4 Oktoba

Sikuamka mratibu.

Kumbe hema lile liko kivulini, chini ya mparachichi. Ambulansi ilipofika jana, wagonjwa wangu wote walikuwa baridi kama chupa ya soda na wanaimba. Hawakuniambia jana kwa sababu nilikuwa nimekwenda kununua shati la kuteuliwa.

Dokta amepiga simu. Ameuliza benchi liko wapi. Nimesema lilipakwa rangi jana, linakauka. Akauliza rangi gani. Nikasema bluu. Sijui kwa nini bluu. Akasema vizuri sana, Ijumaa atakuja kuliona.

Maman Feza amepita mbele yangu asubuhi hii bila salamu. Nyanya zake zimelainika ndani ya hema, na Bukavu wamezinunua kwa bei ya kutupa. Siku zote ananiita Papa Muhire, anauliza habari za batoto. Leo amenipita kama nguzo. Imeniuma, sitaficha. Nilifungua mdomo kuomba msamaha, kisha nikaufunga. Mratibu hawezi kuanza kazi kwa kuomba msamaha.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimenunua rangi ya mafuta, kopo la bluu. Muuza duka aliniambia rangi hii inataka jua la kutosha. Nikamwambia mimi ni mtu wa afya, najua mambo ya kukausha.

Nimelipaka benchi uani baada ya alasiri. Mvua! Nimeliingiza sebuleni. Nimelipulizia kwa mdomo mpaka kizunguzungu. Nimechukua upepeo wa mkaa nikalipepea. Mke wangu amesimama mlangoni anacheka mpaka anashika ukuta. Nimemwambia acheke tu, kesho atakuwa mke wa mratibu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Yebaba we!

Alfajiri nimeteremka na benchi kichwani. Nikaliweka mahali pake. Ukilitazama kwa mbali limekauka. Dokta akapiga simu kwamba amechelewa Kamembe. Wale akina mama wakafika, wakaliona benchi lao limerudi tena linang'aa, wakakaa kwa furaha. Nilitaka kuwazuia. Lakini ningewaambia nini, na Clarisse amesimama pale?

Waliposimama, vitenge bluu nyuma. Wakajipangusa, mikono ikawa bluu. Wakafuta jasho kwa mikono, midomo ikawa bluu. Maman Feza akajitazama kwenye kioo cha simu. Akanitazama mimi. Nilingoja matusi. Badala yake akawanong'oneza wenzake kitu, wakacheka, wakabeba beseni zao, wakavuka. Kicheko kile sikukipenda.

Ng'ambo kule yuko Néhémie, mwenzangu wa upande wa Congo, anayepima watu kama sisi. Huyo ni mtu wa vifungo vyote, hafumbii macho kitu. Akaona wanawake wenye midomo ya bluu na kucha za bluu. Akamuuliza Maman Feza ni nini hiki. Maman Feza, mkono kifuani, akajibu kwamba yeye hajue, ile kitu ilianzaka kwa Muhire, alibapima tu na midomo ikageuka.

Néhémie hakungoja hata kumeza mate. Akamwambia mkubwa wake. Mkubwa wake akaambia Kinshasa. Kinshasa ikaambia Kigali. Kigali ikampigia Dokta Uwimbabazi, naye bado yuko barabarani anateremka kwetu! Benchi langu limefika miji mikuu miwili kabla rangi haijakauka. Miaka yote tunaambiwa mfumo unakwama. Leo haukukwama popote.

Dokta amefika amevaa glavu. Ameagiza kila anayevuka atazamwe midomo na kucha, pande zote mbili. Foleni imepanda mlima. Na mgonjwa wa kwanza atengwe. Mgonjwa wa kwanza ni mimi.

Ningesema neno moja tu: rangi. Lakini nilikwisha kumwambia kwamba benchi lilipakwa Jumanne. Rangi ya Jumanne inashikaje watu Ijumaa? Kwa hiyo nimesema kwa sauti nzito kwamba ni mapema mno kusema, tungoje maabara. Nimeingia hemani kwa heshima zangu zote. Nimekosa na swala ya Ijumaa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Bado hemani. Wananiletea uji kwa mkono mrefu, wanauweka chini, wanakimbia.

Foleni haijasogea tangu asubuhi. Nasikia akina mama wanalilia nyanya zao. Mmoja anasema watoto wake Bukavu wanamngoja awapelekee chakula, na hajui watavushwa saa ngapi. Nimeziba masikio. Nimeyazibua. Hema halina ukuta wa maana. Nilijisemea nitatoka sasa hivi niseme ukweli. Nikafika mpaka zipu. Pale zipuni nikakumbuka kiti.

Clarisse ameingia, amejifunika mwili mzima, macho tu. Ameomba kidole changu, bado cha bluu. Amekisugua kwa pamba. Amenusa pamba. Nimechungulia: amekwenda kwenye benchi, amelibonyeza kwa kidole, amekitazama kidole. Kisha amechukua mafuta ya taa na kitambaa, akaenda katikati ya daraja, akamwita Néhémie na Maman Feza.

Yaliyotokea nimeyaona kwa tundu la hema. Alimpangusa Maman Feza mkono mmoja mbele ya watu wote. Bluu ikatoka yote. Maman Feza akaunyanyua mkono juu, watu wakapiga vigelegele pande zote mbili. Kuponya kwa kitambaa! Hata mimi ningeweza, ningepewa kitambaa.

Maman Feza hapohapo amekiri kwa Dokta. Amesema walitaka tu kumuadhibu Muhire kidogo juu ya zile nyanya, hawakujua itafika Kinshasa, na sasa wenzake ndio wameumia, basi bamusamehe. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Dokta akamsamehe. Néhémie naye, nilitegemea atagombezwa kwa kuwasumbua wakubwa kwa sababu ya rangi. Wapi! Dokta amempa mkono. Amesema aliona jambo lisilo la kawaida, hakulijua, akalisema upesi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, hata ikigeuka kuwa rangi. Rangi ile ni yangu mimi, na sifa kachukua Néhémie!

Daraja limefunguka. Beseni zimeanza kwenda.

Dokta amekuja mlangoni mwa hema. Ameniambia nitoke. Ameuliza kwa nini sikusema tangu jana, wakati watu wanakaa juani. Nimejibu nilikuwa nafuata utaratibu. Aliponitazama niliona aibu kweli, mpaka masikio yakapata moto, na kwa bahati hakuna aliyenipima.

Kiti amepewa Clarisse. Kwa majaribio, miezi mitatu.

Narudia: kwa majaribio.

Ijumaa, 13 Oktoba

Wiki nzima Clarisse ananitendea wema. Hanisimangi, hanitanii, ananiuliza maoni yangu. Inachosha sana. Amenipa namba yake, amesema nikiona chochote nimpigie saa yoyote, hata kama naona ni upuuzi.

Sasa sikiliza.

Jirani yangu hapa Kamembe, Mzee Muderhwa, anafuga kuku. Tangu juzi kuku wake wanakufa. Siyo mmoja wawili. Vichwa vimevimba, wanazunguka wanapotembea, wanaanguka. Mke wake naye ameshikwa na homa na kikohozi, amelala. Hili ndilo! Hii siyo rangi, hili ni jambo lenyewe, la kupanda mpaka Kigali na kuvuka bahari!

Mke wangu amesema mpigie Clarisse sasa hivi. Ameniletea na simu mkononi. Maskini, hana siasa. Nikimpigia Clarisse leo, atatoa taarifa leo, na atasifiwa yeye. Lakini Jumatatu kuna mkutano, Dokta mwenyewe atakuwepo. Nitasimama na shati langu jipya, nitakohoa kidogo, nitasema: Dokta, ninalo jambo. Leo ni Ijumaa tu. Kuku waliokwisha kufa hawana haraka.

Nimekwenda kwa Mzee Muderhwa nikamwomba asimwambie mtu mpaka Jumatatu. Amefurahi sana, alikuwa anaogopa kupata hasara. Kwa kuwa yeye ni Mkristo, kuku wake wa sokoni huwa namchinjia mimi, ili na Waislamu wanunue bila wasiwasi. Basi leo ameniita niwawahi waliobaki kabla hawajaanguka. Nimewachinja wote kwa mkono wangu, amewanyonyoa, amewapeleka sokoni, na kule wamegombaniwa kwa bei yake. Mmoja ametupa sisi kwa shukrani.

Mke wangu amekataa kuonja. Ameifunga pua yake kwa mtandio na amehamia kwa dada yake. Basi nimekula peke yangu, paja na kidari, na mchuzi nimeufuta kwa mkate. Kuku mtamu. Jumatatu watanijua.