Kisanduku Kinachozaa Wageni

Kilwa Masoko,
Jumatatu, baada ya alasiri.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Esha.

Mwanangu Saida,

Uniwie radhi kwa ukimya wangu wa tangu wiki iliyopita. Sikuugua, wala sikununa kama mama yako alivyowatangazia watu msibani Njinjo. Nilikuwa nasubiri hasira itulie ili sarufi isiharibike.

Nakuandikia kama Katibu amwandikiavyo Mwenyekiti wake, ingawa mimi ni baba yako mdogo na kusoma nilikufundisha mimi. Nimearifiwa kwamba kesho kamati inakaa kuamua kama niendelee kuandika wageni wa harusi ya mjukuu wangu, au kazi hiyo apewe binti yako Kudra. Kabla hamjaamua, naomba yasomwe kikaoni malalamiko yangu dhidi ya jedwali la kompyuta mlilonikabidhi.

1. Katika jedwali hilo kila mgeni hupewa kisanduku chake. Mimi nilifundishwa kwamba mtu wa heshima haandikwi kwa mstari mmoja kama gunia la ufuta. Jina lina mstari wake, makazi yana mstari wake, na familia ina mstari wake. Basi niliandika "Mzee Alfani Mkwanda", nikagonga Enter ili nishuke mstari, kama nilivyozoea kwenye taipureta ya shule. Kisanduku kikanifukuza! Kikanitupa katika kisanduku cha chini yake bila hata kuniuliza kama nimemaliza. Nilidhani ndio utaratibu wa siku hizi, nikaendelea hivyo kwa wageni wote.

2. Mpiga chapa hakusoma, alichapa tu. Kila kisanduku kikapata kadi yake. Ndiyo sababu imetoka kadi ya "Bw./Bi. Pamoja na Mkewe", na nyingine ya "Bw./Bi. Nyuma ya Msikiti". Bi Apolonia, mpishi wetu, alinisimamisha sokoni mbele za watu: "Mwalimu, hebu niambie, huyu Pamoja na Mkewe ni wa ukoo gani? Mbona amejaa kuliko akina Mkwanda wote? Na kila nikimwona nampangia sahani!" Walicheka mpaka wauza pweza. Mimi sikucheka.

3. Mzee Alfani anaishi Somanga. Kwa hiyo ilichapwa pia kadi ya "Bw./Bi. Somanga". Mpeleka kadi, kwa uaminifu ambao siwezi kuulaumu, aliikabidhi kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akaisoma hadharani. Kijiji kimejibu kwamba kimeupokea mwaliko kwa furaha, kitahudhuria chote, na ngoma kitakuja nayo chenyewe. Kinamama wanaouza samaki pale barabarani wameshachagua kanga za sare. Sasa fikiri, Saida: kijiji kizima kikae mkekani mbele ya wakwe, kisha pilau isifike. Hakuna atakayeilaumu kompyuta. Aibu itamkalia Esha, na ndiyo kwanza anaingia kwa watu.

4. Nilipoeleza shida hii kwa Kudra, alinitumia ujumbe: "babu si ushikilie Alt ndo ugonge Enter mbona fasta tu". Ujumbe huo haukuwa na shikamoo wala nukta. Sikuufanyia kazi.

Kwa hayo, naomba mambo matatu. Kwanza, kisanduku kiamriwe kumruhusu mtu kushuka mstari bila kuhamishwa. Hilo peke yake lingemaliza matatizo yetu yote. Pili, watengenezaji wa jedwali waandikiwe, popote walipo, barua ipitie kwa mtendaji wa kata ili wajue kuwa tuna viongozi. Tatu, harusi iahirishwe hadi watakapojibu. Bwana harusi ni kijana mvumilivu.

Nisalimie mama yako, wanakamati wote, Bi Apolonia na masufuria yake, na Kudra pia, iwapo ataitikia kwa adabu. Mkishaamua nijulisheni, nami, nikiwa Katibu au nisiwe, nitawaandikia siku hiyo hiyo.

Ni mimi baba yako mdogo,
Mwalimu (mstaafu) Bakary Khamisi Mtopa,
Katibu, hadi kesho.

Nyongeza: Nilipokuwa nalifunga jedwali kwa hasira, kidole gumba cha kushoto kililalia Alt huku cha kulia kikigonga Enter. Mstari ukashuka, kisanduku kikatulia! Nimegundua njia, na Kudra asijisifu. Kwa furaha nimewaandika upya watu wote wa Somanga, nyumba kwa nyumba, mstari chini ya mstari, ndani ya kisanduku kimoja kizuri mno, nikampelekea Bi Apolonia. Amenipigia simu sasa hivi: "Mwalimu, Mungu akupe maisha marefu! Nilikuwa nakosa usingizi, kumbe nikihesabu visanduku, Somanga anatoka mgeni mmoja tu. Sahani yake nimeshaitenga." Malalamiko yangu yote nayafuta. Kazi apewe Kudra leo hii, kabla mchele haujapimwa. Aje nyumbani, aanze na shikamoo, nami nitamsomea majina.