Kibali Kinachozaa Vibali Vyote

Inatangazwa kwa wakazi wa Ngonga, Ipyana na hadi Kasumulu kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kibali kitakachozaliwa bila mzazi.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Andongwisye, Mkuu wa Ofisi ya Vibali, na alipolisoma mara ya tatu alijiona amerefuka kidogo. Kisa, dada aliyeajiriwa kutengeneza programu ya ofisi, alikuwa amemweleza kuwa hakuna haja ya kuandika kila kibali upya. Unaunda klasi moja mzazi, yaani kiolezo, iitwayo Kibali. Cha mtumbwi, cha harusi, cha mazao, vyote vinairithi. Kila mtoto anapoundwa huita kwanza kijenzi cha mzazi, yaani yale maagizo ya mwanzo, ndipo aongeze ya kwake.

"Kwa hiyo nikiweka sharti kwa mzazi, watoto wote wanalo?"

"Wanalo, mkuu."

Bwana Andongwisye alifumba macho kwa raha. Miaka kumi na tisa alikuwa akipachika masharti moja moja, mgongo umeinama kama wa mpanda mpunga. Sasa aliagiza moja tu: kinachoombewa kibali kikae uani mwa ofisi siku kumi na nne, kikitazamwa. Kisa akasema huenda watoto wengine wakahitaji kulibadili sharti hilo. Mkuu alimtazama kama aliyetukana kanisani. "Mtoto hatabadili neno la mzazi," akaandika, akagonga muhuri, na programu ikafungwa hivyo hivyo.

Mafanikio hayakuchelewa. Kufikia Jumatano uani kulikuwa na mitumbwi miwili, mbuzi saba, na wachumba wawili waliokwisha kugombana kabla ya ndoa, jambo ambalo ripoti ililiita ufanisi wa mapema. Ripoti ikatumwa Dodoma pamoja na programu yenyewe.

Siku hiyo hiyo Tukuswiga alishusha mikungu arobaini ya ndizi mbichi. Binti yake alikuwa anaolewa Karonga, ng'ambo ya mpaka, Jumamosi, na ndizi za kwao zisipofika zikiwa za kupika, wakwe wangemsema mpaka ajifungue.

"Baba, ndizi hazijui siku kumi na nne."

"Zitajifunza, mama."

Alhamisi Dodoma wakajibu: Bwana Andongwisye ameshinda tuzo ya ubunifu, afike Jumamosi. Akaomba kibali cha safari. Kikazaliwa vizuri, kikamwita mzazi, na mzazi akauliza kinachoombewa kibali ni nini. Ni Andongwisye. Yohana mlinzi, aliyekwisha kuonywa mara mbili kwa kutumia akili yake, akamsindikiza uani na kufunga geti.

"Kisa, mwanangu, si ubonyeze mahali."

"Mtoto hatabadili neno la mzazi, mkuu. Muhuri wako huu."

"Basi mbadilishe mzazi."

"Hilo linahitaji kibali cha marekebisho, nacho ni mtoto. Kompyuta itabidi ikae hapo na wewe."

Wachumba wakasogea kumpisha kwenye benchi. Tukuswiga akambonyeza bega kwa kidole gumba, akasema huyu ataiva kabla ya ndizi zake.

Jioni Kisa akaona njia. Mzazi mwenyewe hakuzaliwa na yeyote, kwa hiyo kumfuta hakuhitaji kibali, muhuri tu. Ila mzazi akiondoka, watoto wake wote hawaundiki tena.

"Na ofisi?"

"Ofisi ni ya vibali, mkuu."

Bwana Andongwisye aliifikiria ofisi. Kisha akaifikiria picha yake na tuzo. Akagonga muhuri. Geti likafunguka, mbuzi wakatangulia, ndizi zikafuata zikiwa kijani kabisa, na Tukuswiga akamwambia Yohana ndaga fijo, asante sana, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Jumamosi, harusini Karonga, Kisa alikuwa na sahani ya ndizi mkononi simu ilipoita. Ilikuwa Dodoma. Sauti ya mkuu ilikuwa ya chini. Waliupenda mno mfumo wake, alisema. Walianza kuutumia jana, na tuzo wameiweka humo, nayo imerithi. Mshindi akae uani siku kumi na nne, akitazamwa.

"Mwambie huyo mzazi aniachie, Kisa."

Kisa akameza kwanza.

"Huyo si wetu tena, mkuu. Wetu ulimfuta."